Kutoka Tenke hadi Kalando: neno lililo chini ya picha ndilo linaamua nani wa kulaumiwa

Usiku wa Alhamisi tarehe 10 mwezi wa tatu 2022, ikikaribia saa sita, treni ya mizigo ya SNCC iliyotoka Luena, jimbo la Haut-Lomami, ikielekea Tenke, iliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, katika Lualaba. Mabehewa saba yalitumbukia bondeni. Hesabu ya kwanza ilitaja maiti 60. Baadaye msemaji wa serikali, Patrick Muyaya, alitangaza kwamba watu 75 wamekufa na 125 wamejeruhiwa.

Hata kabla hesabu haijakamilika, jina la kuwaita marehemu lilikuwa limeshapatikana. Afisa mmoja wa SNCC aliyaambia mashirika ya habari kwamba treni hiyo ilibeba mamia ya «clandestins». Ndani ya saa chache neno hilo lilikuwa limefika Kinshasa, Paris na London. Ukilileta kwa Kiswahili unapata abiria wa kujificha, watu waliodandia, au, kama mtangazaji ana haraka, wasafiri haramu.

Katika maelezo yale yale SNCC ilisema treni ilikuwa na mabehewa 15, na 12 kati yake yalikuwa matupu. Jambo hilo lilichapishwa, lakini chini kabisa ya habari, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Sasa fikiria kichwa kingine cha habari: «Treni ya mabehewa 12 matupu yaanguka, wasafiri wasio na treni ya abiria wafa». Hakuna uongo ndani yake. Kila kitu kimo katika taarifa ile ile ya mashirika ya habari. Lakini msomaji wa kichwa cha kwanza anauliza: walipanda kwa ruhusa ya nani? Msomaji wa kichwa cha pili anauliza: basi walipaswa kupanda treni gani?

Anayejua njia ya kutoka Luena hadi Tenke anajua kwamba swali la pili ndilo la kweli. Barabara ni mbovu, na treni ya abiria watu wanaweza kuingoja siku nyingi bila kuiona. Mtu mwenye mgonjwa, mzigo wa unga wa kuuza au kazi ya kutafuta anapanda kinachopita. «Clandestin» lilijibu swali ambalo hakuna mfiwa aliyeliuliza, na likalifunika lile ambalo kila mmoja angeuliza.

Ndivyo habari inavyowekwa ndani ya fremu. Si lazima mtu adanganye. Anachagua nini kiwe ndani ya picha na nini kikatwe, neno lipi liende juu na lipi libaki chini, nani apewe nafasi ya kusema na nani aonyeshwe tu amelala juu ya machela. Kwenye ukanda wa shaba wa Lualaba uchaguzi huo si jambo la waandishi peke yao. Unafuatwa na askari, na fedha, na mipaka ya konsesheni.

Haramu kwa ramani

Tenke ni njia panda ya reli. Treni ikitoka Lubumbashi kupitia Likasi, hapo ndipo njia inagawanyika: moja inapanda kaskazini kuelekea Kamina, nyingine inakwenda magharibi, Kolwezi, Mutshatsha, Dilolo, mpaka Angola. Lakini kwa miaka karibu ishirini sasa jina la Tenke halisikiki duniani kwa sababu ya reli. Linasikika kwa sababu ya herufi tatu: TFM, Tenke Fungurume Mining, mgodi wa shaba na kobalti ambao asilimia 80 ni ya kampuni ya Kichina CMOC na asilimia 20 ni ya Gécamines. Konsesheni yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,500. Vilima ambavyo babu alilima mihogo, kwenye karatasi vina mwenyewe.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, haisemi kwamba kuchimba kwa mikono ni kosa. Inamtambua mchimbaji huyo, yule ambaye mitaani tunamwita «creuseur». Inamtaka awe mtu mzima, awe na kadi, awe ndani ya chama cha ushirika, na achimbe katika eneo lililotengwa na waziri wa madini, yaani ZEA. Taabu ni kwamba ZEA haiwezi kuwekwa juu ya ardhi ambayo tayari ina kibali cha kampuni. Na kati ya Likasi na Kolwezi, kilima chenye madini ya maana ambacho hakina kibali cha mtu ni nadra kukipata.

Kwa hiyo kijana wa Tenke anayetoka na sururu yake asubuhi anakuwa nje ya sheria kwa sababu ya mstari uliochorwa mbali naye. Kama mstari ungepita mita mia tatu kando, kazi ile ile, kwa sururu ile ile, ingekuwa halali. Hilo ni jambo kubwa, lakini neno tunalolitumia kila siku redioni linalizika. Tunasema «wachimbaji haramu».

Kifaransa kinasema «illégal», jambo la karatasi na mahakama. Kiswahili kinaposema haramu, kinasema zaidi ya hapo. Haramu ni nyama isiyoliwa, ni mali isiyopata baraka, ni mtoto aliyetukanwa kabla hajazaliwa. Mtu anayesikia «wachimbaji haramu» saa kumi na mbili asubuhi haelewi kwamba hawa ni watu wasio na kibali. Anaelewa kwamba ni watu wenye doa. Tuna maneno mengine: wasio na kibali, walio nje ya ZEA, walioingia katika konsesheni. Ni marefu kidogo. Pengine ndiyo sababu hayapendwi.

Katikati ya mwezi wa sita 2019 wanajeshi walipelekwa Tenke na Fungurume kuwaondoa wachimbaji kwenye konsesheni ya TFM. Lugha iliyotangulia jambo hilo ilikuwa «invasion», uvamizi. Uvamizi unajibiwa na askari. Hakuna anayempeleka waziri wa kazi kupambana na uvamizi. Kama vichwa vya habari vya miezi ile vingesema maelfu ya vijana wasio na ajira wamejaa kuzunguka mgodi mkubwa, jambo lile lile lingeita watu wengine mezani.

Siku chache baadaye, tarehe 27 mwezi wa sita, udongo uliporomoka katika mgodi wa KCC, Kolwezi, unaosimamiwa na Glencore. Gavana wa wakati huo, Richard Muyej, alitaja vifo 36. Hesabu nyingine zilifika 43. Taarifa ya Glencore ilisema kwamba wachimbaji walioingia bila ruhusa walikuwa kwa wastani 2,000 kila siku. Kampuni iliitoa namba hiyo kuonyesha ukubwa wa shida yake, na vyombo vingi vikaibeba hivyo. Lakini isome tena. Watu 2,000 kila siku hawaingii kwa kunyata. Wanapita mahali, mbele ya watu, na mara nyingi kuna anayepokea kitu ili wapite. Namba iliyoletwa kama ushahidi dhidi ya wachimbaji ingeweza kuwa mwanzo wa swali kuhusu walinzi, polisi na wanunuzi. Waandishi wachache sana walianzia hapo.

Kalando: siku mbili, picha mbili

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwezi wa kumi na moja 2025. Jumamosi tarehe 15, kwenye machimbo ya Kalando, upande wa Mulondo, daraja la kubahatisha lililopita juu ya mtaro uliojaa maji lilianguka likiwa limejaa watu. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, Roy Kaumba Mayonde, alitaja maiti 32 na kueleza kwamba kuingia kulikuwa kumekatazwa kwa sababu ya mvua na hatari ya maporomoko, lakini wachimbaji walilazimisha.

Shirika la serikali linalosimamia uchimbaji wa mikono, SAEMAPE, lilitoa maelezo yenye uzito tofauti. Lilisema milio ya risasi ya wanajeshi waliokuwa wakilinda machimbo ilizusha hofu, watu wakakimbilia daraja, wakaangukiana. Lilitaja vifo visivyopungua 40. Watetezi wa haki za binadamu wa Lualaba walitaka uchunguzi huru.

Maelezo yote mawili yalitoka kwa taasisi za dola. Hakuna hata moja lililotoka kwa «wapinzani» au «watu wa nje». Lakini angalia ni lipi lililopanda kwenye vichwa vya habari: mvua, daraja, wachimbaji waliolazimisha kuingia. Risasi zilikuja katika aya ya nne au ya tano, zikitanguliwa na «kwa mujibu wa». Mvua haikutanguliwa na «kwa mujibu wa». Mvua ilikuwa ukweli, risasi zikawa madai.

Kisha ikaja Jumatatu. Waziri wa madini wa taifa, Louis Watum Kabamba, alikuwa anasafiri kutoka Kinshasa kwenda kuona eneo la msiba. Ndege yake ilipotua Kolwezi iliacha njia ikashika moto. Abiria wote walitoka salama, na video ya moshi mweusi na watu wakikimbia kutoka kwenye ndege ilizunguka dunia kwa saa chache. Ilikuwa video nzuri kwa maana ya kazi ya habari: fupi, wazi, yenye moto, yenye waziri, na bila maiti, kwa hiyo hakuna chombo kilichosita kuionyesha. Watu wengi ng'ambo walilijua jina la Kolwezi wiki ile kwa ajali ambayo haikuua mtu, na Kalando ikawa sentensi ya mwisho: waziri alikuwa njiani kuelekea mahali ambapo watu walikufa.

Wazee wa Kolwezi hawakushangaa. Mwezi wa tano 1978 wapiganaji wa FLNC walitoka Angola wakauingia mji, na tarehe 19 wanajeshi wa Legion ya Ufaransa wakaruka kwa parachuti. Magazeti ya Ulaya yalijaa picha za Wazungu waliouawa kwenye nyumba za mji. Mauaji hayo yalitokea, hakuna haja ya kuyapunguza. Lakini mamia ya Wakongomani waliokufa siku zile hawakuwa na picha wala majina, na miaka miwili baadaye, 1980, filamu ya Raoul Coutard iliwaonyesha Wafaransa hadithi ya askari wao walioruka Kolwezi. Kwa miaka mingi Mfaransa wa kawaida alijua Kolwezi kama mji waliouokoa. Mkaazi wa mji wenyewe aliikumbuka kama vita ya siku sita, na makaburi yake hayakuwa katika filamu.

Picha ya shimo lililojaa watu

Kuna picha moja ambayo karibu kila mtu mwenye simu ameiona. Imepigwa kutoka juu. Mteremko wa udongo wa kijivu, maelfu ya wanaume wamebanana, magunia ya rangi, vumbi. Picha za namna hiyo zilipigwa na AFP mwezi wa kumi 2022 kwenye machimbo ya Shabara, si mbali na Kolwezi. Maelezo ya shirika hilo yalikuwa ya wazi: watu wapatao 20,000 wanafanya kazi Shabara, kwa zamu za 5,000. Ilikuwa habari ya kazi. Kuna zamu, kuna hesabu, kuna wanaume watu wazima.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo mwandishi Siddharth Kara alizungumza katika kipindi cha Joe Rogan huko Marekani, na mwanzoni mwa 2023 kitabu chake «Cobalt Red» kikatoka. Neno alilolichagua ni utumwa. Tangu hapo picha za mashimo kama Shabara zimesambaa mitandaoni chini ya maneno mawili, watumwa na watoto, hata pale ambapo ukikuza picha hadi mwisho huoni mtoto hata mmoja.

Watoto wapo. Amnesty International na Afrewatch waliandika mwezi wa kwanza 2016 kuhusu watoto wanaookota, kuosha na kubeba kobalti, na hakuna mkaazi wa Kolwezi au Kasulo atakayesema ni hadithi. Shida ni kile ambacho fremu inafanya na ukweli huo. Chukua namba 40,000. UNICEF mwaka 2014 ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walifanya kazi katika migodi yote ya kusini mwa Kongo, ya madini ya kila aina. Miaka kumi baadaye namba hiyo hiyo bado inaandikwa kama idadi ya watoto walio kwenye kobalti leo. Mtoto aliyehesabiwa akiwa na miaka tisa sasa ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Namba imebaki pale pale, haikui wala haipungui, kwa sababu kazi yake imekuwa kutia huzuni na si kuhesabu.

Watafiti kadhaa, Wakongomani wakiwemo, walikikosoa kitabu cha Kara mwaka huo wa 2023. Hawakusema mateso hayapo. Walisema mchimbaji ndani ya kitabu ni mwili unaoteseka tu, hana mpango, hana chama, hana hesabu anayoifanya kichwani kuhusu bei ya kilo kwenye dépôt ya Musompo na karo ya watoto mwezi wa tisa. Vyama vya ushirika vipo, kingine kinaitwa Maadini kwa Kilimo, CMKK, jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili anaelewa mara moja mpango wake. Jina kama hilo halionekani chini ya picha ya shimo.

Hapo ndipo fremu mbili zinazoonekana maadui zinapokutana. Kampuni inasema mvamizi. Mwanaharakati wa ng'ambo anasema mtumwa. Mvamizi anafukuzwa, mtumwa anaokolewa. Hakuna kati ya hao wawili anayealikwa kwenye meza ya kupanga bei, mizani na ZEA, kwa sababu mvamizi hana haki ya kukaa pale na mtumwa hana uwezo wa kujisemea. Mfanyakazi angekuwa na vyote viwili. Neno hilo, mfanyakazi, ndilo lisiloonekana kwenye vichwa vya habari kuhusu kobalti, kwa lugha yoyote.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 2017 Apple ilitangaza kusimamisha kwa muda ununuzi wa kobalti iliyochimbwa kwa mikono Kongo. Mwaka 2020 BMW ilifunga mkataba wa kobalti ya Morocco. Kampuni hizo ziliweza kuonyesha kwamba zimejibu picha. Lakini mchimbaji mtu mzima wa Kolwezi, ambaye hakuwa mtoto wala mtumwa, hakupewa kazi nyingine. Madini yake yaliendelea kununuliwa na madépôt, kwa mizani yao, yakachanganywa na kwenda. Kilichopungua ni watu waliokuwa tayari kusema hadharani kwamba wananunua kutoka kwake.

Kisichopigwa picha

Kamera inakwenda panapoingilika. Shimo la wachimbaji wa mikono liko wazi, unasimama ukingoni na kupiga. Mgodi wa kampuni una geti, kibali, kofia, fulana ya kung'aa na mtu wa mawasiliano anayetembea kando yako. Picha zinazotoka humo ni za malori makubwa na karatasi za shaba zilizopangwa, na mara nyingi hazina mtu hata mmoja. Mwaka 2024 CMOC ilitoa zaidi ya tani 114,000 za kobalti kwenye migodi yake miwili ya Kongo, TFM na Kisanfu. Hiyo ni kobalti nyingi kuliko ile ya mashimo yote ya mikono. Lakini mwombe mtu yeyote Ulaya afumbe macho na afikirie kobalti ya Kongo: ataona mikono yenye vumbi. Hataona kiwanda.

Maji na hewa ni vigumu zaidi. Harufu kooni haipigwi picha. Kisima kilichobadilika ladha kinaonekana kama kisima. Mashirika ya RAID na Afrewatch yalikusanya mwaka 2024 ushuhuda wa wakaazi wanaoishi kandokando ya migodi mikubwa kuhusu maji yaliyochafuliwa. Ripoti ilisomwa na watu wa kazi hiyo. Haikuwa na picha ya kuenea kwa simu, kwa hiyo haikuenea.

Na kuna fedha. Kila mwandishi wa jimbo analijua neno coupage, bahasha ya «usafiri» baada ya mkutano. Redio ya mtaa isiyo na mafuta ya jenereta, ambayo mtangazaji wake hana mshahara wa uhakika, itapeleka mtu kule ambako gari limetumwa kumchukua. Kampuni ikizindua darasa, gari linakuja. Familia ikihamishwa, gari haliji. Hiyo si kusema mwandishi ameuzwa. Ni kusema kwamba petroli nayo inapanga habari.

Hata sarufi inashiriki, na hapa Kiswahili kina hila yake. Tunaweza kusema nyumba zilibomoka, na tunaweza kusema nyumba zilibomolewa. Herufi chache tu. Zilibomolewa inaacha mlango wazi, msikilizaji anangoja «na nani». Zilibomoka inaufunga: zimejibomokea zenyewe, labda ni mvua, labda ni uzee. Ukisikiliza habari za Cité Gécamines ya Kolwezi, ambako upanuzi wa mgodi wa COMMUS umewaondoa watu na ambako Amnesty ilifanya utafiti wake uliotoka mwaka 2023, sikiliza kitenzi. Watu «walihama», «walihamishwa» au «walifukuzwa»? Ni familia ile ile, ukuta ule ule, na fidia ile ile wanayolalamikia.

Tenke kama kibao cha dama

Kati ya 2021 na 2023 Tenke ilikuwa kwenye kurasa za kwanza za magazeti makubwa. Rais Félix Tshisekedi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza kama CMOC ilitangaza akiba ndogo kuliko iliyopo, na hivyo kuipunja Gécamines. Mwezi wa pili 2022 mahakama ya Lubumbashi iliteua msimamizi wa muda. Mwezi wa saba mauzo ya nje yakasimama. Mwezi wa nne 2023 wakakubaliana: dola milioni 800 kwa Gécamines, kulipwa kwa miaka sita, pamoja na gawio la angalau dola bilioni 1.2.

Magazeti ya Marekani yaliitia habari hiyo katika fremu moja: China dhidi ya Marekani. Kuna sababu. Freeport-McMoRan ya Marekani ndiyo iliyouza sehemu yake mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65, na Washington ilikuja kujuta baadaye. Lakini katika fremu hiyo Tenke ni kibao ambacho wakubwa wanachezea dama, na kibao hakina maoni. Swali la mtu wa Tenke lilikuwa la karibu zaidi. Sheria ya 2018 inaitaka kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa vyombo vya utawala vya mahali. Kama akiba ilitangazwa ndogo, je, sehemu ya mtaa nayo ilipunguka? Kati ya zile milioni 800, ngapi zinarudi Lubudi? Maswali hayo yangejaza gazeti zima. Yalipata mistari michache katika tovuti za Lubumbashi na Kolwezi.

Fremu ya Lobito imekuja juu ya ile. Mwezi wa kumi na mbili 2024 Joe Biden alikwenda hadi Lobito, Tshisekedi akiwepo, na picha ilikuwa ya bandari, mabehewa na bendera. Tangu wakati huo reli hii inaitwa «korido». Ni reli ile ile iliyounganishwa na Angola mwaka 1931, na Tenke ni njia panda yake ile ile. Shaba inayopanda humo ina karatasi, ina muhuri, ina bima, na ikichelewa kuna mtu anayepiga simu. Mabehewa yaliyoanguka Buyofwe yalikuwa yanakuja Tenke vilevile.

Sasa kuna fremu mpya inayotengenezwa. Baada ya kusimamisha mauzo ya kobalti kuanzia mwezi wa pili 2025, serikali imeweka viwango vya mgawo tangu mwezi wa kumi: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyo hivyo kwa 2027. Na siku chache tu kabla ya Kalando, kampuni ya serikali EGC ilionyesha Kolwezi tani zake 1,000 za kwanza za kobalti ya mikono «inayofuatilika», magunia safi, yenye lebo, yaliyopangwa vizuri mbele ya kamera. Ni hatua, na waliongoja tangu EGC iundwe mwaka 2019 wana haki ya kuifurahia.

Lebo hiyo inasema gunia limetoka shimo gani. Lakini ZEA mpya ngapi zitafunguliwa mwaka huu, ziko wapi, na kama zina madini au ni udongo mtupu, hayo hayaandikwi kwenye gunia. Mpaka yajibiwe, kijana wa Tenke mwenye kadi na asiye na mahali pa kuitumia atabaki upande ule wa mstari aliokuwepo jana, na redio itamwita vile ilivyomwita jana.